Kula ni lazima, na kichwa huchagui unavyotaka

Jana tena, kwenye bao, barazani Mikindani. Bado tunanamua, yani tunaingiza kete za mkononi moja moja, dogo ana kula ya wazi kabisa, kete za mwenzie ziko mbele yake zinasubiri kuchukuliwa, hata anayepita njia anaiona, yeye anaweka kete kwingine anatakata, anasambaza zake tu bila kula. Namuuliza vipi, ananijibu, "Babu, nikila nyumba yangu inafumuka, wacha nitakate kwanza." Nyumba ni lile shimo kubwa alilorundika kete zake, ikifumuka zinasambazwa zote. Mwaka huu nishachoka kuhesabu walioniambia hivyo. Jamani, bao sio kangomba, ile biashara ya korosho za vichochoroni, kwamba unanunua ukijisikia! Kula ikiwepo unakula. Zikiwepo tatu chagua moja, hapo uhuru unao, ila kutakata ni kwa asiye na cha kula kabisa. Ndo maana fundi anakutegea kete mbili tu, anajua utalazimika kuzila.

Hilo lipite. Kinachonimaliza mimi ni kichwa, shimo la mwisho la mstari wa mbele, kulia au kushoto, unaloanzia kusambaza ulichokula. Watu wameshika kwamba ukianza kwenda kulia basi ni kulia mpaka ulale, zamu yako iishe, wengine eti kila ukila unachagua upya. Wote nusu nusu. Kula ya kwanza ikiwa katikati, kwenye yale mashimo manne ya kati ya mstari wa mbele, anzia kichwa chochote. Ukila kwenye kimbi, yani shimo la mwisho au la pili yake, unaanzia kichwa cha upande huohuo, hamna mjadala. Sasa kasheshe ni ukiwa tayari unatembea: umeanzia kichwa cha kushoto unaelekea kulia, kete ya mwisho ikala katikati, unarudi kichwa kilekile cha kushoto na mwendo uleule, kugeuza huruhusiwi hata kama upande wa pili kuna asali. Ila kete hiyohiyo ingetua kimbi cha kulia ikala, hapo umegeuka, unaanzia kichwa cha kulia unarudi kushoto, utake usitake. Mtu anasahau hii halafu ananiambia bao ni bahati! Bahati gani, wakati mwenzio kashaona utageukia wapi kabla hujainua mkono.

Kete 22 za mkononi zikiisha tunaingia mtaji, tunacheza kwa zilizo ubaoni tu, kimbi ni kilekile, ila ukianza na shimo lenye kete 16 au zaidi huli, unatakata tu.

Kutakasia je, kule kumzuia mwenzio asiguse shimo lake unalotaka kulila? Hapo nisiwadanganye, miaka yote hii na bado nahesabu mara mbili. Kuna siku nilimfungia mtu shimo, nikabishana jasho linatoka, kumbe ni nyumba yake na nyumba haitakasiwi, mzee mmoja akainuka bila kusema neno akaenda zake kuswali. Naiona ile kandambili yake mpaka leo.

Dogo wa jana tulimrudisha akala. Nyumba ikafumuka kweli, kama alivyosema. Kafungwa mkononi, yani kashindwa kabla ya kufika mtaji, kete tisa bado kazishika kiganjani, ananitazama mimi.