Uzi, brashi ndogo au mashine ya maji: katikati ya meno yako panataka nini?

Napiga mswaki asubuhi na usiku. Kwa nini nihangaike tena na katikati ya meno?

Kwa sababu mswaki haufiki huko. Jino lina upande wa kutafunia, upande wa nje unaotazama shavu, upande wa ndani unaotazama ulimi, na pande mbili zinazopakana na meno jirani. Hizo mbili za mwisho ndizo mswaki unazoziruka, hata ukisugua kwa bidii namna gani. Huko hukaa ukoga, ule utando wa bakteria unaousikia kwa ulimi ukiamka. Ukiachwa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe, na hapo si uzi wala mswaki utakaoung'oa. Atahitajika daktari aukwangue. Bakteria hao hao hula sukari unayokula wewe na kutoa asidi inayotoboa jino. Tundu linaloanzia pale meno yanapogusana ni baya kwa sababu huwezi kuliona kwenye kioo mpaka jino limeshaliwa kwa ndani.

Mimi natumia kijiti. Hakitoshi?

Kijiti kinatoa nyuzi za embe, nyama na ganda la hindi la kuchoma. Ukoga ni habari nyingine: unanata, na hautoki bila kusuguliwa. Kijiti kigumu cha mviringo hugusa sehemu ndogo tu ya jino. Njiti ya kiberiti huvunjika na kuacha kibanzi ndani ya ufizi, na pini au sindano isiingie mdomoni kabisa. Mswaki wa mti ni mzuri kwa pande za nje, ila nyuzi zake hazipenyi pale meno yalipobanana.

Na kama chakula kinakwama pale pale kila mlo, usizoee kuchokonoa tu ukaona yameisha. Mara nyingi kuna sababu: tundu limeanza, jino limesogea, au kiziba alichoweka daktari kimelegea. Nenda pakaangaliwe.

Basi kati ya uzi na brashi ndogo, kipi bora?

Tazama kwanza nafasi yenyewe. Kati ya meno mawili kuna kipande cha ufizi chenye umbo la pembetatu. Kwa vijana wengi wenye fizi zenye afya, kipande hicho kimejaza nafasi yote na hakuna kinachopita ila uzi. Kwa mtu ambaye fizi zimeshuka, iwe kwa umri au kwa ugonjwa wa fizi, pembetatu hiyo imepungua na pamebaki uwazi. Hapo brashi ndogo, ile inayofanana na brashi ya kuoshea chupa ila nyembamba kama kijiti, hufanya kazi kuliko uzi. Sababu ni umbo la jino. Karibu na mzizi, meno mengi yana bonde, hasa ya nyuma. Uzi ukivutwa hupita juu ya bonde hilo kama kamba iliyotandazwa juu ya shimo, lakini nywele za brashi huingia ndani.

Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, taasisi inayochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 35, yaliona kwamba kuongeza uzi au brashi ndogo juu ya mswaki huenda kukapunguza uvimbe wa fizi kuliko mswaki peke yake, na kwamba brashi ndogo huenda ikaushinda uzi. Nimesema "huenda" makusudi, kwa kuwa majaribio mengi yalikuwa ya muda mfupi.

Ushauri wangu: brashi ikipita, tumia brashi, isipopita, tumia uzi. Wengi wetu tunahitaji vyote viwili, uzi mbele na brashi magegoni. Na wewe mwenye mwanya mpana, huhitaji uzi kwenye mwanya huo. Ncha ya mswaki wako inaingia vizuri.

Nitajuaje saizi ya brashi?

Iingie kwa kubana kidogo, nywele zikigusa pande zote, bila waya kukwaruza jino. Ikielea, ni ndogo mno. Ikigoma, usiisukume, chukua ndogo zaidi. Usinunue kwa kukariri rangi, maana kila kampuni ina rangi zake. Ukiweza, mwombe daktari wa meno akupimie mara moja.

Uzi upo wenye nta, usio na nta, mpana kama utepe, na ule wenye mpini. Nichukue upi?

Wenye nta huteleza vizuri kwenye meno yaliyobanana na haukatiki ovyo. Katika kusafisha, tofauti ni ndogo, kwa hiyo chukua unaokupa urahisi. Wenye mpini unamfaa mzee ambaye vidole vimekakamaa, au mzazi anayemsafisha mtoto. Kasoro yake ni kwamba haujikunji vizuri kulizunguka jino, na kipande hicho hicho kinabeba uchafu wa jino moja kwenda jingine usipousuuza. Uzi wa cherehani uache kwa fundi: ni mwembamba na unakata ufizi.

Unatumikaje?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kata uzi wa sentimita 45 hivi, zungushia sehemu kubwa kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja na ncha kwenye kidole cha kati cha mkono wa pili, ubakize kipande kifupi cha kufanyia kazi. Upenyeze taratibu kwa kuupeleka mbele na nyuma. Ukiusukuma kwa nguvu utashuka ghafla na kuchana ufizi. Ukishapita, ukunje ulikumbatie jino moja, ushuke nao kidogo chini ya ukingo wa ufizi, kisha usugue kwa kupanda na kushuka. Halafu kumbatia jino la jirani kabla ya kuutoa. Ukiuingiza na kuuchomoa tu, umetoa chakula na kuacha ukoga.

Mbona natoka damu? Si naumiza fizi?

Ukiwa unafanya taratibu, damu hiyo kwa kawaida inatoka kwa sababu fizi tayari zimevimba, na zimevimba kwa sababu ya ukoga uliokaa. Watu huacha uzi wakiona damu, na hilo linaniumiza, kwani wanaacha dawa yenyewe. Endelea kwa upole kila siku. Kwa wengi damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikizidi hapo, au ukiona usaha au jino linacheza, nenda hospitali. Mama mjamzito na mwenye kisukari wasisubiri sana, kwa sababu fizi zao huathirika kwa urahisi zaidi.

Na mashine ya kupuliza maji?

Ilibuniwa Colorado, Marekani, mwaka 1962 na daktari wa meno akishirikiana na mhandisi. Inasukuma mabaki ya chakula na inasaidia kupunguza damu kwenye fizi. Inamfaa hasa aliyevaa vyuma vya kunyoosha meno au mwenye daraja la meno, yaani jino la bandia lililoshikizwa kwenye meno ya jirani, ambako uzi wa kawaida hauingii. Lakini ni ghali, nyingi hutaka umeme wa kuchaji, na maji peke yake hayasugui ukoga ulionata kama uzi au brashi zinavyosugua. Kama fedha ni ya kubana, nunua kwanza brashi ndogo na uzi. Ukiwa nayo, anza na nguvu ya chini na tumia maji salama ya kunywa.

Mtoto aanze lini?

Meno yake mawili yakigusana, hata ya utotoni. Utamfanyia wewe, vidole vyake havijawa tayari.

Kabla au baada ya kupiga mswaki?

Wakati wowote unaoweza kuushika kila siku, ingawa usiku ni bora. Mimi napendelea kabla, ili floraidi, ile madini ya dawa ya meno inayoimarisha jino, ikute katikati pameshafunguka. Ukimaliza, tema povu na usisukutue kwa maji mengi.