Machimbo ya Bamburi: shimo, matumbawe na jongoo

Mgeni akipita chini ya vivuli vya Haller Park, kaskazini mwa Mombasa, jambo la kwanza atakalokwambia ni kwamba huu ni msitu wa asili, bahati nzuri haukukatwa. Sivyo: hapa palikuwa na shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na mawe ya chokaa yakachimbwa hapo hapo. Kufikia 1971 lililobaki ni uwanja mweupe unaoumiza macho, udongo hakuna, na maji ya chini yana chumvichumvi. René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo, alijaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi sita zilikuwa zimebaki tatu: mvinje, mnazi na damas, mti wa Somalia.

Wengine wanasema jiwe la machimbo haya ni la volkano, kwa sababu lina matundu. Kalitazame kwa karibu. Pale lilipokatwa utaona vinyota vidogo vimepangana kama kitambaa cha kufumwa, pengine na ganda la kombe limenasa katikati. Kila kinyota kilikuwa nyumba ya mnyama mdogo wa tumbawe. Huu ni mwamba wa zamani, wa miaka kama 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu mita kadhaa kuliko leo. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu.

Kutokana na hapo huzuka kosa jingine: kwamba mababu walibomoa matumbawe hai ili kujenga miji yote ya pwani. Ni nusu ya ukweli. Mawe mengi ya kuta yalichimbwa nchi kavu, kwenye mwamba huu huu mkongwe. Tumbawe bichi la baharini lilitafutwa kwa kazi za urembo, kama mihrabu na fremu za milango, kwa kuwa likiwa limelowa hukatika kirahisi, kisha likikauka huwa gumu. Fundi alilazimika kumaliza nakshi mapema. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo kubwa la kuni. Kwa hiyo ukuta wa zamani ni tumbawe lililoshikwa na tumbawe.

Na jiwe lenye matundu ni dhaifu? Nenda Fort Jesus, ngome ya Mombasa iliyoanza kujengwa 1593, uiulize. Yale matundu ndimo chokaa inamoingia na kushika.

Mvinje si msonobari, ingawa kila mtu anaufananisha nao. Chukua "sindano" moja ya kijani, uivute taratibu: itakatika kwenye kiungo, kama mnyororo. Hicho ni kitawi. Majani yenyewe ni vimeno vidogo mno vinavyozunguka kila kiungo. Mizizi yake hukaa na bakteria wanaovuta nitrojeni hewani, ndiyo maana mti huu uliweza kusimama juu ya jiwe tupu.

Lakini mvinje peke yake haukutosha, na hapa ndipo simulizi nyingi hukosea: zinasema miti ilipandwa, udongo ukaja wenyewe. Haukuja. Vitawi vilianguka vikarundikana bila kuoza, vimejaa tanini, dutu chungu ya mimea, bakteria hawakuvigusa. Kisha Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akivila. Akakusanya wengine akawaachia humo. Jongoo, ambaye kwetu mtoto akimwona hutafuta kijiti cha kumchokoa ajikunje, alivitafuna vile vitawi na kuvitoa nyuma vikiwa vimesagika, tayari kwa bakteria. Mboji ya kwanza ya Bamburi ilipita tumboni mwake, na miti mingine ikapandwa humo. Ukimkuta njiani, mruke.