Nilimwambia bibi apunguze uzito, akashindwa kuokota korosho

Kwenye chumba changu cha mazoezi kuna vitanda viwili, vyuma vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea, na kigoda kimoja. Kigoda nilikinunua mwenyewe kwa fundi wa Mikindani, hakimo kwenye daftari la vifaa, na ndicho ninachokitumia kuliko vyote. Wazee wa huku Mtwara hawaji kwangu kwa kushindwa kupanda ghorofa. Wanakuja kwa sababu wameshindwa kukaa chini ya mkorosho, au wamekaa vizuri tu halafu kuinuka ikawa kazi ya kuitana.

Wananiita daktari wa mazoezi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini jina hilo la wazee nimelizoea na sihangaiki kulisahihisha.

Leo naandika kuhusu uzito wa mwili na kazi za uzeeni, na nianze na kosa langu. Bibi mmoja wa miaka 67 kutoka upande wa Tandahimba alikuja mwezi wa saba, wakati watu wapo kwenye kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Magoti yote mawili yanauma, la kulia limevimba kidogo. Nikampima: kilo 86, urefu mita 1.52. Ukigawa uzito kwa urefu mara urefu unapata 37, na kuanzia 30 kwenda juu tunaita unene uliopitiliza. Foleni ilikuwa ndefu siku ile. Nikampa dawa ya kuchua, nikamwonyesha zoezi moja la kunyoosha mguu, na nikamwambia lile neno tunalolisema sote tukiwa na haraka: "Bibi, punguza uzito."

Akarudi mwezi wa kumi, korosho zimeshaanza kudondoka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akapanda kwenye mizani bila kuambiwa. Kilo 77. Tisa zimeondoka kwa miezi mitatu. Nikaanza kumpongeza, akanikatiza.

"Nimefanya ulivyosema. Jioni sili, nakunywa uji nalala. Magoti yana nafuu. Ila sasa sinyanyuki."

Nikamwomba akae kwenye kigoda, ainuke nione. Akavuta miguu karibu, akaweka viganja juu ya magoti, akajisukuma mbele. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, makalio hayakuachana na kigoda. Akageuka ubavu, akaweka mkono sakafuni, akapiga magoti, akatambaa hatua mbili mpaka kwenye kitanda, akashika ukingo wa godoro na kujivuta. Aliposimama alikuwa anahema. Akasema, "Mwaka jana nilikuwa nainuka na kilo zangu zote."

Sikuwa na jibu la haraka. Mizani ilisema amepata nafuu, na mapaja yalisema vingine.

Mtu akipungua kwa kujinyima chakula peke yake, kinachoondoka si mafuta matupu. Kwa wastani karibu robo ya kilo zilizopotea ni nyama za mwili, yaani misuli na vilivyo pamoja nayo, na kwa mzee anayekunywa uji mtupu sehemu hiyo huzidi. Misuli ya binadamu huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini na kitu, na baada ya 60 kasi huongezeka. Kijana akipoteza misuli kwa ugonjwa wa mwezi mmoja anairudisha. Mzee akiipoteza, mara nyingi kilo zikirudi zinarudi zikiwa mafuta. Mwili unakuwa na uzito uleule wa zamani na injini ndogo zaidi. Huku kwetu jambo hilo linatokea hata bila ushauri mbaya wa mtu kama mimi, kwa sababu mwaka wetu una msimu wa pesa na msimu wa kubana. Baada ya minada ya korosho kuna wali, nyama, soda na shughuli kila wiki. Ikifika Februari ghala la nyumbani ni jeupe, na anayepunguza sahani kwanza ni bibi, ili wajukuu wale.

Sasa nisieleweke kwamba unene hauna neno. Unalo, na kubwa.

Fikiria kazi yenyewe. Kilo moja ya korosho ghafi ni karibu punje 200. Ukipeleka ghalani kilo kumi, mkono wako umeshuka chini kama mara 2,000, kuokota bibo, yaani tunda la mkorosho, kunyonga korosho iliyoning'inia mwishoni mwake, kuitupia kwenye ndoo. Kuna wanaookota wamekaa na kujisogeza, kuna wanaochuchumaa, na kuna wanaoinama wakiwa wamesimama, miguu imenyooka, mtindo wa mama zetu wengi. Anayeinama hivyo hanyanyui korosho, maana korosho ina gramu tano. Ananyanyua kiwiliwili chake. Kichwa, mikono na kiwiliwili kwa pamoja ni kama theluthi mbili ya uzito wa mtu. Kwa bibi yetu wa kilo 86, hizo ni kilo 57 zinazoning'inia kiunoni kila anapoinama, na kitambi kikiwa mbele kinavuta zaidi, kama ndoo unayoibeba kwa mkono ulionyooka badala ya kuikumbatia kifuani.

Kwenye goti hesabu ni kali zaidi. Wataalamu wa Marekani waliopima wazee wenye magoti yaliyosagika waliona kwamba kila kilo mtu anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Punguza kilo tano, goti limetuliwa kilo ishirini kila unapokanyaga. Hilo ni debe la maji. Mwanamke wa Newala anayebeba maji kichwani hahitaji nimweleze debe ni nini. Na katika mji wa Framingham, kule Massachusetts, ambako watafiti wamefuatilia afya za wakazi tangu 1948, ilionekana kwamba wanawake waliopungua kama kilo tano katika miaka kumi walipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kuja kupata magoti yenye kuuma ya aina hii. Kilo tano kwa miaka kumi, si kilo tisa kwa miezi mitatu.

Kuna jambo lililonishangaza nilipokuwa chuoni, na mpaka leo nikiwaeleza wagonjwa hawaniamini: watu wanene hupata zaidi maradhi ya viungo vya vidole vya mikono pia. Mkono haubebi mwili. Maelezo yake ni kwamba mafuta ya mwilini, hasa ya tumboni, hayakai tu kama mzigo kwenye gunia. Yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe, nazo zinazunguka na damu mpaka kwenye vidole. Kwa mama anayebangua korosho kwa mkono hilo si jambo dogo. Sukari na presha nazo huandamana na unene, ila hizo zinasemwa kila siku redioni. Niongeze moja tu: mwenye sukari ya siku nyingi nyayo zake hupoteza hisia, na shambani tunaingia na ndala. Kisiki kinamchoma asubuhi, damu anaiona jioni akinawa miguu.

Upande wa pili yupo babu mmoja wa Nanyamba. Hakuja kwa kuumwa miguu wala mgongo, aliletwa na kijana wake kwa sababu mashine ya kupulizia salfa imemshinda kubeba mgongoni. Kilo 49. Misimu miwili nyuma, kijana anasema, alikuwa na 58. Kijijini wanamsifu, mzee mwepesi, mzee hana kitambi, ataishi miaka mia. Nikamwomba anibane mkono kwa nguvu zake zote, nikahisi kama mtoto wa darasa la tatu ananishika. Mzee akipungua zaidi ya asilimia tano ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, hiyo ni dalili ya kutafutiwa sababu. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo tatu tu. Sababu inaweza kuwa kifua kikuu, sukari, saratani, msongo wa kufiwa na mwenza. Ya babu huyu kwa sehemu ilikuwa mdomoni: meno manne yaliyobaki, hatafuni nyama wala kunde ngumu, anaishi kwa ugali wa muhogo na mchuzi. Muhogo una nguvu ya kutosha kutembea nayo, lakini protini yake ni kidogo mno. Unashibisha tumbo, misuli inalala njaa.

Kwa hiyo ninaposoma tafiti za Ulaya zilizofuatilia wafanyakazi kwa miaka mingi, hazinishangazi. Wenye unene uliopitiliza huacha kazi mapema kwa maradhi, mgongo na magoti yakiongoza. Wembamba kupita kiasi nao wamo kwenye foleni hiyohiyo. Wenye kilo chache za ziada hawana tofauti kubwa sana na wa kawaida, na mzee aliyepita 65 akiwa na kinyama kidogo mwilini mimi simbughudhi. Ninayemuogopea zaidi ni yule aliye na vyote viwili: mafuta mengi na misuli michache. Bibi yangu wa Tandahimba, kwa msaada wangu, alikuwa ameingia kundi hilo.

Kundi hilo lina wateule wengine ambao hawaji hospitali mapema: wastaafu. Mtumishi wa umma anaondoka kazini akiwa na 60. Wengi wa huku mpango wao wa uzeeni ni ekari kadhaa za mikorosho. Mpango mzuri. Lakini mwalimu mkuu aliyekaa kwenye kiti miaka thelathini, na kwenda kazini kwa pikipiki, anapeleka shambani mwili ambao haujachuchumaa tangu ujana, hata choo chake cha nyumbani ni cha kukaa. Msimu wa kwanza anaona kiuno. Wa pili anaajiri vibarua, wa tatu anasema shamba halilipi. Shamba linalipa, ila fungu kubwa linaliwa na vibarua wa kuokota. Ningependa kila mtu aanze kuchuchumaa akiwa na 50, walau mara kumi kila siku kabla ya chai, akishika ukingo wa meza kama anayumba. Nawaambia wenzangu wa ofisini, wananicheka.

Ninachofanya sasa ni tofauti na ule mwezi wa saba. Kabla ya mizani kuna kiti. Kiti cha kawaida cha kulia chakula, mikono imekunjwa kifuani, inuka na kukaa mara tano mfululizo, mimi nina saa. Ikizidi sekunde 15, mapaja ni dhaifu, awe na kilo 50 au 90. Na kuna swali nililolichukua kwa Wafini, ambao tangu miaka ya 1980 wanapima uwezo wa mtu kufanya kazi kwa maswali mafupi: ukichukua enzi zako za nguvu kuliko zote ukazipa kumi, leo unajipa ngapi? Wazee wanalipenda. Wanafikiri kwa muda mrefu, na namba wanayotoa huniambia mengi kuliko mizani.

Bibi siku ile alisema tatu.

Tulianza na kiti kirefu chenye mto juu yake. Inuka mara nane, pumzika, mara nane tena, siku moja ndiyo siku moja hapana. Akiweza bila kuhema, mto unatolewa, halafu kiti kifupi, halafu kigoda juu ya tofali mbili, kisha moja. Mlo wa jioni ukarudi. Hapo tulibishana, maana aliona nageuza maneno yangu mwenyewe, na alikuwa na haki. Nikamwambia ugali upungue nusu na nusu hiyo ijazwe na mbaazi, kunde au dagaa. Mzee anahitaji kama gramu moja ya protini au zaidi kidogo kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na anaipata vizuri akiigawa kwenye milo yote, si kungoja sikukuu. Soda, ambayo wajukuu humletea kama zawadi, iwe ya harusi tu: chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Korosho nazo ni chakula, gramu mia zina protini kama gramu 18, ila mafuta yake ni mengi, kwa hiyo kiganja kimoja. "Mwaka mzima naokota, leo ndiyo unanipimia kiganja," akasema.

Kazini kwenyewe tulibadilisha vitu vidogo. Ndoo ya lita ishirini ikawa ya kumi. Shamba lifyekwe na kufagiliwa chini ya mikorosho mapema, asiinamie majani kutafuta punje. Vigoda viwe viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kuegemea mkono anapoinuka. Magunia ni ya vijana na toroli.

Msimu uliofuata alipita hospitali siku ya mnada, hakuwa na miadi. Kilo 78, moja zaidi. Kwenye kiti alitumia sekunde 14. Nikamuuliza lile swali la kumi.

"Saba," akasema. "Ila hiyo ya asubuhi. Mchana usiniulize."