Sala ya chakula si dawa ya chakula

Wakristo wengi tumelelewa tukiamini kwamba sala ya kabla ya kula husafisha chakula na kuondoa sumu, na kwamba asiyesali anakula kwa hatari. Sivyo. Wayahudi wa zama za Yesu waliposema baraka mezani walimhimidi Mungu anayetoa mkate katika nchi. Mkate wenyewe haukuwa unaombewa. Ndiyo maana, katika habari ileile ya mikate mitano, Mathayo 14:19 inasema Yesu “akabariki”, na Yohana 6:11 inasema “akashukuru”.

Wapo wanaotaja 1 Timotheo 4:5, kwamba chakula hutakaswa kwa neno la Mungu na kwa kuomba, lakini Paulo hapo anawajibu watu waliokataza vyakula fulani, akifundisha kwamba kila alichoumba Mungu ni chema kikipokewa kwa shukrani; habari ya uchafu au sumu haimo. Kwa hiyo mikono inanawiwa, na mboga iliyochacha inamwagwa, hata ikiwa imeshasaliwa. Binafsi napenda sana ile sala fupi isemwayo ugali ungali ukifuka mvuke, ambapo hata mkulima na mpishi hukumbukwa.