Paneli mbili mlangoni pa Sultani Selim: namna ya kukijua kigae cha İznik

Katika uwanja wa makaburi ulio ubavuni mwa msikiti wa Ayasofya, mjini Istanbul, limo kuba la kaburi la Sultani Selim wa Pili wa dola ya Osmani, lililojengwa na msanifu Mimar Sinan na kukamilika mwaka 1577. Kulia na kushoto kwa mlango pana paneli mbili za vigae vya maua, kila moja ya vigae 60. Anayepita haraka ataziona pacha. Anayesimama kidogo ataona kwamba ya kulia ina weupe safi na wekundu unaowaka, ilhali ya kushoto imepauka. Hiyo ya kushoto ni nakala iliyotengenezwa Ufaransa. Ya asili iko Paris, katika makumbusho ya Louvre, tangu mwaka 1895.

Sisi tunaotunza vyombo vya kauri tunaulizwa mara nyingi: kigae cha kale cha Kituruki kinajulikanaje? Mimi hupenda kumpeleka muulizaji kwenye mlango huo, kwa maneno ikiwa si kwa miguu, maana pale paneli ya kale ya kulia na nakala ya kushoto zimewekwa ubavu kwa ubavu.

Vigae hivyo vilichomwa İznik, mji mdogo ulio kando ya ziwa, kusini-mashariki mwa Istanbul. Siri ya kwanza imo ndani ya kigae chenyewe. Udongo wa mfinyanzi ni kidogo tu. Sehemu kubwa, kama asilimia 80, ni mawe meupe ya kwatzi yaliyosagwa, yakashikamanishwa kwa unga wa kioo na udongo mweupe kidogo. Juu yake hupakwa tabaka jembamba jeupe pepe, kisha mchoraji hufanya kazi yake, kisha kigae humwagiwa maji ya kioo yenye risasi na kuingizwa jokoni kwenye joto la nyuzi 900 hivi. Kwa kuwa kigae na kioo chake vina asili moja, hutanuka na kusinyaa kwa pamoja wakati wa kupoa. Ndiyo maana kioo cha kazi nzuri ya İznik hakina nyufa za utando wa buibui, na rangi zake huonekana kama zimelala chini ya maji matulivu.

Buluu ilitoka kwenye kobalti, feruzi kwenye shaba. Wekundu ndio uliowatesa mafundi. Ulitokana na udongo wenye chuma kingi, uliopakwa kwa unene hata ukabaki umeinuka juu ya kigae. Ukikitazama kwa mwanga wa ubavuni utauona kama nta ya muhuri. Ulianza kuonekana ukutani katika Msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557, na kufikia mwisho wa karne ya 17 ubora wake ulikuwa umepotea. Msafiri Evliya Çelebi aliandika katika karne hiyo kwamba karakana zilizobaki İznik ni tisa tu. Basi kigae chenye wekundu huo uliosimama hujitaja umri wake chenyewe.

Maua yaliyochorwa ni tulipu, hiasinti, waridi, na ua la karnesheni, ambalo Waturuki huliita *karanfil*. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo: jina hilo na karafuu yetu yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Vigae vyenyewe wanaviita *çini*, yaani vya Uchina, kwa heshima ya kauri za Kichina zilizopendwa sana katika jumba la sultani.

Turudi mlangoni. Paneli ile iliondolewa mwishoni mwa karne ya 19 na Mfaransa Albert Dorigny, mkusanyaji wa vitu vya kale aliyeishi Istanbul, kwa jina la matengenezo. Uturuki imeidai, na bado haijarudi. Kwangu mimi dai hilo ni la haki. Paneli ilipimwa kwa ajili ya ukuta ule na kwa ajili ya mwenzake wa upande wa pili. Paris ni nzuri, lakini huko paneli ni nusu ya sentensi.

Watu wa pwani wanaujua uchungu huo. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, sahani za Kichina zilipachikwa kwa chokaa. Nyingi ziling'olewa, yakabaki mashimo ya duara.

Kwa hiyo mtu akikuletea kigae "cha msikitini", usianze na bei. Uliza kilitoka jengo gani, lini, kwa karatasi zipi. Uturuki hairuhusu mali za kale kutolewa nchini. Sheria yake ya sasa, namba 2863, ni ya mwaka 1983. Tazama mgongo: uwe mweupe-mweupe, wa chembechembe, mara nyingi na mabaki ya chokaa au jasi. Mgongo mwekundu wa udongo wa kawaida si wa İznik.

Na kama ni urithi wa nyumbani, usikisugue kwa siki wala tindikali, na usikibandike kwa saruji. Chumvi ya saruji hunywewa na kigae pamoja na unyevu, ikikauka huota fuwele chini ya kioo, na kioo hubanduka kama magamba, ua moja baada ya jingine. Kifute kwa kitambaa laini kikavu, kipige picha mbele na nyuma, kisha mpigie mhifadhi wa makumbusho iliyo karibu nawe.