Participation: umeshiriki au umeshirikishwa?

Mlangoni mwa ukumbi wa mtaa wetu, huku Eastlands, Nairobi, palikuwa na meza, daftari la mahudhurio na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Mama aliyenitangulia kwenye foleni aliuliza, "Nikitia sahihi hapa nimekubali, ama nimehudhuria tu?" Kijana wa daftari akacheka. "Mama, hii ni public participation, andika tu jina." Akaandika, ingawa hakuwa amejibiwa.

Ugumu wa nomino hii ya Kiingereza umo katika swali hilo. Asili yake ni Kilatini: pars ni sehemu, capere ni kutwaa. Kamusi nyingi huandika "ushiriki" na kuishia hapo, na mara nyingi inatosha: ushiriki wa timu mashindanoni, alama za ushiriki darasani, cheti cha ushiriki, kile cha kumfariji asiyeshinda chochote. Wanauchumi nao wana hesabu yao. Kwao, ushiriki katika nguvukazi ni wa walio kazini pamoja na wanaotafuta kazi. Kijana anayezunguka Industrial Area kila asubuhi akitafuta kibarua ni mshiriki. Mwenzake aliyekata tamaa akabaki nyumbani hahesabiwi.

Shida huanza neno linapoingia serikalini, kwa kuwa nomino hiyo haisemi nani kamfanyia nani nini. Kitenzi cha Kiswahili hakikupi nafasi ya kujificha hivyo. Nikienda kwa hiari yangu, nimeshiriki. Kaunti ikiniita na kunisikiliza, imenishirikisha, nami nimeshirikishwa. Tukibeba mawe pamoja, tumeshirikiana. Kwa hiyo tuna ushiriki, ushirikishaji na ushirikishwaji, na Mwingereza amezitia zote katika gunia moja.

Magazetini na redioni utakutana na zote tatu zikimaanisha kitu kimoja. Mimi huchagua "ushirikishaji wa umma", kwa sababu linamwonyesha mwenye wajibu. Ukisema "ushiriki wa umma" mzigo unahamia mgongoni mwa mwananchi: hukuja, shauri yako.

(Mzizi wenyewe ni wa Kiarabu, nao una watoto wasiofanana: shirika, ushirika mtakatifu wa kanisani, na pia ushirikina, yaani kumwekea Mungu washirika, ingawa siku hizi tukilisema tunawazia hirizi na waganga.)

Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika Kifungu cha 10, miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo. Ila hakuna kifungu kinachopima kushirikishwa kwa kutosha ni kupi, ndiyo maana mabishano huishia kortini. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na mojawapo ya sababu ni kwamba Bunge halikuwaeleza wananchi kwa nini maoni yao yalikubaliwa au kukataliwa. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaigeuza hukumu hiyo. Haikuona kwamba sheria inalilazimisha Bunge waziwazi kutoa sababu hizo. Kwa lugha yetu, ubishi ulikuwa huu: mtu aliyesema na asijibiwe, ameshirikishwa au ameshiriki tu?

Ukumbini, maofisa walisoma makadirio ya bajeti kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Yule mama alinyoosha mkono mara mbili kabla ya kipaza sauti kumfikia, akaambiwa ana dakika mbili. Akauliza kuhusu mtaro wa majitaka unaofurika kila mvua ikinyesha. "Asante mama, tumechukua maoni yako," akajibiwa, na kipaza sauti kikapita. Niligeuka nione nani anaandika. Kalamu pekee niliyoiona ilikuwa bado mlangoni, imefungwa kwa uzi.