Si lazima uwe fiti ndipo ujiunge na kikundi cha mazoezi
Wengi husema, "Nikishapungua kidogo ndipo nitajiunga, nisije nikawachelewesha wenzangu." Nawaelewa, ila wameligeuza jambo kichwa chini miguu juu. Miaka ya 1920, mwanasaikolojia Mjerumani Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa Berlin wakinyanyua uzito, kila mtu peke yake, kisha pamoja. Aliyekuwa dhaifu ndiye aliyejikaza zaidi akiwa na mwenzake, kwa kuwa alijua akiachia, wote wawili wameshindwa. Pengo la nguvu likiwa kubwa mno, faida hiyo hupungua, kwa hiyo tafuta wanaokuzidi kiasi. Hamu nayo haitangulii. Huja polepole, mtu anapoulizwa, "Jana mbona hatukukuona?" Swali hilo limenitoa kitandani alfajiri nyingi.